Mama Beldina na Meno Yaliyoanikwa Juani

Saa tatu asubuhi, na Mama Beldina Akello hatulii. Hii ni mara ya nne anainuka kwenye kigoda. Anazunguka nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani, anainama, anageuza omena, wale dagaa wa ziwani, kwa reki ya mti, anainuka tena, anatazama wingu lililosimama upande wa ziwa, kisha anashika shavu la kushoto kama mtu aliyesahau kitu mdomoni.

Hajasahau kitu. Meno anayo, safu ya juu na safu ya chini, nayo yana wiki tatu tu tangu yatoke kwa fundi. Leo ndiyo yanayomtia roho juu.

Hapa ni ufuo wa Rakombe, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki kutoka mjini Bondo, kaunti ya Siaya. Kabla lori la wanunuzi halijafika saa nane mchana, kina mama kumi na wanne wa kikundi cha Konyri Kendi watamkalisha Beldina mbele ya magunia matatu na kumtaka aume omena. Akipatia, atarudishiwa kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na moja. Akikosa, hataulizwa tena.

“Nimezaa mara saba na sikuogopa hivi,” anasema, halafu anacheka huku mkono umefunika mdomo. “Mtoto akikataa kutoka, unasukuma. Hii utasukuma nini?”

Kazi yenyewe haina jina kubwa. Wenzake humwita tu “yule anayeuma”. Omena ikishaanikwa kutwa nzima na kuonekana imekauka, hukusanywa na kutiwa magunia. Kabla gunia halijashonwa, Beldina huzamisha mkono hadi katikati, huchomoa omena moja, huiweka kati ya magego na kuiuma mara moja. Ikivunjika kwa mlio mkavu, ka, yeye husema “Otwo,” yaani imekauka, na gunia hushonwa. Ikijikunja, anasema “Bado,” na gunia zima humwagwa tena juani, hata kama mwenyewe analia.

Mtu wa mjini atauliza kwa nini wasiivunje kwa vidole. Beldina amelisikia swali hilo mara nyingi, na hulijibu kwa subira anayompa mtoto aliyekutwa akila sabuni.

“Kichwa ya omena inakauka kwanza,” anaeleza. “Ukivunja na kidole, kichwa inakudanganya. Tumbo ndiyo inabaki na maji. Na tumbo, hiyo inajulikana na jino.”

Na jino lilijua kweli. Kwa miaka hiyo yote gunia la Rakombe lilipofika Kondele, jijini Kisumu, halikufunguliwa. Wanunuzi walitazama mshono tu, wakalipakia kwenda Kitale na Bungoma. Neno la mwanamke mmoja lilitosha, na yeye alijua hivyo, na alitembea ufuoni kama mtu anayejua.

Sasa ana miaka sitini na tisa. Mamake, kama wanawake wengi wa Kijaluo wa rika lake, aling’olewa meno sita ya chini akiwa msichana. Ilikuwa desturi, na pengo lilikuwa urembo. Beldina alisoma shule ya misheni ambako mambo hayo yalikuwa yamekwisha, akaolewa na meno yake yote thelathini na mawili, akayaringia.

“Mama alikula na pengo yake mpaka akafa, na hakuna siku alilia jino,” anasema. “Mimi niliachiwa yote, sukari ikakuja kuyachukua.”

Ugonjwa wa kisukari uligunduliwa miaka kumi na miwili iliyopita. Dawa alimeza siku alizokumbuka. Fizi zikaanza kuvimba na kutoa damu, meno yakaanza kucheza. La kwanza lilitoka likiwa limekwama ndani ya muhogo. Mengine yakafuata, kila moja na chakula chake: hili lilikwenda na hindi, lile na mfupa wa samaki aitwaye kamongo. Kufikia mwaka jana alikuwa na meno manane, matano kati yake yakiwa ya kuonyesha wageni tu.

Aprili, uvuvi wa omena ulipofungwa kwa miezi minne kama ilivyo ada kila mwaka, alikwenda hospitali akang’olewa yote manane. Aliuza fahali mmoja. Shilingi elfu thelathini na mbili za fahali huyo zikawa meno, aliyotengenezewa na fundi mmoja wa Kondele aitwaye Wandera. Agosti msimu ulipofunguliwa, Beldina akarudi kwenye kigoda chake akiwa na tabasamu jeupe hata vijana wa mashua wakampigia mluzi.

Fundi alimpa maagizo. Ayavue kila usiku fizi zipumzike. Ayasugue kwa burashi na sabuni. Ayalaze ndani ya kikombe cha maji safi.

La tatu ndilo lililomshinda Beldina kulikubali.

“Nimekaa na samaki miaka hamsini,” anasema, na sauti inapanda. “Kitu inalala ndani ya maji inaoza. Mtoto mdogo hapa anajua. Kitu unataka ikae, unapeleka kwa jua. Sasa mtu ananiambia meno ya elfu thelathini nilaze kwa maji kama mbegu ya mchele?”

Basi akayatunza anavyojua yeye. Usiku aliyaweka ndani ya mkebe mkavu juu ya dari ya meko, pale ambapo moshi na joto huhifadhi mbegu za mahindi na samaki wa wageni. Mchana, jua likiwa utosini, aliyavua, akayaosha ziwani na kuyalaza pembeni mwa wavu, katikati ya omena, kwa saa nzima. Aliyafunika kwa kipande cha chandarua ili mwewe asiyabebe.

Wenzake waliona, wala hawakushangaa. Kwao ilikuwa akili. Bibi mmoja mwenye meno mawili ya kuweka alianza kuyaanika naye, na kwa muda kulikuwa na meno ya watu wawili yakiota jua Rakombe huku wenyewe wakipiga soga na mapengo yao.

Lakini joto halikuyahifadhi meno. Lilikuwa linayapinda, kidogo kidogo, siku baada ya siku. Kufikia Novemba yalikuwa yanacheza mdomoni. Yalimchubua fizi upande wa kushoto. Alikata kitambaa cha leso akakikunja chini ya safu ya chini ili ikae sawa. Ugali ulianza kumuuma, samaki wa kukaanga akamwogopesha, sukuma wiki ikawa kama kutafuna kamba. Akahamia kwenye uji. Uji bila sukari haupiti, basi akautia sukari.

Hakumwambia mtu. Maryanne, binti yake wa mwisho, ni muuguzi huko Maseno, na kila alipopiga simu aliambiwa mambo ni mazuri.

“Niliona aibu,” anakiri. “Ng’ombe imeuzwa. Watu wamesifu. Sasa niseme nini, ati meno imenishinda?”

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kilichomuumbua Beldina hakikuwa kifo. Ilikuwa ni omena.

Januari, mnunuzi wao mkubwa, Nasipwondi, mfanyabiashara kutoka Bungoma mwenye duka la jumla, alirudi ufuoni bila kutarajiwa. Alishuka kwenye lori akiwa na gunia moja, akakata mshono kwa kisu na kulimwaga miguuni pa kina mama. Omena iliyotoka ilikuwa na ukungu wa kijani, imeshikana mabonge, na harufu yake ilimfanya mbwa aliyekuwa karibu asogee mbali. La kuvunda halina ubani. Magunia kumi na moja aliyochukua, manne yalikuwa hivyo.

“Nani aliuma hii?” Nasipwondi aliuliza.

Wote walimtazama Beldina, na Beldina akasema maneno ambayo leo, akiyarudia, hayasemi kwa sauti.

“Nilisema, ‘Ni mimi. Niliuma. Ilikuwa imekauka.’”

Kama Beldina alisema ilikauka, basi ilikauka. Mantiki ya ufuo ilikuwa fupi hivyo. Kwa hivyo kuna mtu aliyetia omena mbichi baada ya gunia kuonjwa, ili kuongeza uzito. Macho yakazunguka yakatua kwa Shantel.

Shantel ana miaka ishirini na sita. Alitoka upande wa Busia akaolewa hapa na mvuvi, na ndiye aliyekuwa mgeni kuliko wote kikundini. Wavu wake ulikuwa kwenye ukingo unaopata kivuli mapema, na mara kadhaa alikuwa wa mwisho kuleta mzigo. Hayo yalitosha. Agneta Okinyi, mwenyekiti wa kikundi, mwanamke mkali asiyependa maneno mengi, alimwambia akunje wavu wake aende nyumbani.

“Nililia mpaka nikachoka,” Shantel anasimulia, akiendelea kuchambua omena bila kuinua macho. “Nikaapa. Nikasema Mungu anaona. Mama Beldina alikuwa amekaa hapo, karibu hivi. Hakusema kitu.”

Je, alijua? Swali hilo Beldina hajalikwepa, ila linamfanya ainuke tena kwenye kigoda na kwenda kugeuza omena ambayo haijahitaji kugeuzwa.

“Nilikuwa najua jino haisikii kitu,” anasema akirudi. “Tangu Novemba. Nikiuma ilikuwa kama kuuma na kijiko. Lakini nilisikia ka. Wote tulisikia. Nikasema, basi, sikio itafanya kazi ya jino. Huo ndio ukweli.”

Hakulala vizuri tangu siku ile. Alimwona Shantel kando ya barabara akikaanga mandazi na kuuza kwa wapita njia, mtoto mgongoni, akabadilisha njia. Kesho yake akabadilisha tena. Uji ulikataa kupita hata na sukari. Maryanne alipokuja kumtembelea mwezi Machi, alimkuta mamake amepungua kutoka kilo sitini na tatu hadi hamsini na moja, sukari imefika kumi na saba kwenye kipimo, na nguo ya kanisani inamning’inia. Alimwamuru afungue mdomo. Beldina alikataa, kisha akaufungua. Fizi ya kushoto ilikuwa kidonda kitupu.

Wakaenda Kondele siku hiyo hiyo.

Karakana ya Wandera iko ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, na kelele za steji ya bodaboda hupanda hadi kwenye kiti cha mgonjwa. Ni mtu mnene, mpole, mzaliwa wa Funyula, ambaye amefanya kazi hii miaka kumi na tisa. Kwenye rafu ameweka safu za vinywa vya plasta, kila kimoja na jina la mwenyewe. Alitafuta cha Beldina, akaweka safu ya meno juu yake, akaigusa kwa kidole. Ikacheza huku na huku kama kigoda chenye mguu mfupi.

“Mama, haya meno unayaweka wapi?” aliuliza.

“Kwa jua,” Beldina akajibu kwa fahari. “Na usiku juu ya meko. Hata siku moja hayajalala na maji.”

Wandera anasema alilazimika kugeukia dirishani kwanza. “Nilitaka kucheka, nikaona uso wa mama, nikashindwa. Alikuwa ameyatunza kwa moyo wake wote. Hakuna mgonjwa wangu aliyeyatunza meno kama yeye, tena hakuna aliyeyaharibu kama yeye.” Alimweleza kwamba meno hayo si samaki. Yametengenezwa yakiwa na unyevu na yanataka kubaki na unyevu, joto likiyapiga yanapinda, na yakishapinda hayanyooki.

Kisha akamwomba aume kitu, aone yanavyokutana.

Beldina alikuwa amembebea zawadi ya omena kavu kwenye karatasi, kwa maana mtu haendi kwa fundi mikono mitupu. Lakini juu ya zile kavu, kwa haraka ya kutoka nyumbani, Maryanne alikuwa ameongeza konzi moja ya zile za wavuni zilizokuwa hazijakauka bado. Beldina akachukua moja bila kutazama, akaiweka kati ya magego, akauma.

Ka!

“Otwo,” akasema.

“Fungua mdomo,” Wandera akamwambia.

Akafungua. Omena ilikuwa imelala kwenye ulimi wake, nzima, imejikunja. Haikuvunjika hata mkia. Kilicholia ni meno yenyewe. Safu ya juu ilikuwa imeteleza na kuigonga ya chini.

Maryanne anakumbuka mamake alivyoitoa ile omena mdomoni, akaiweka kiganjani, akaitazama.

“Yawa, jamani,” Beldina alisema. “Shantel.”

Njiani kurudi hakutaka kupitia nyumbani. Alishukia kwa Shantel, jioni jua likielekea kuzama, akamkuta anaosha karai la mandazi. Hapa mzee hamwombi kijana msamaha kwa urahisi. Hutuma mtu, au huleta kuku na kuzungumzia mvua. Beldina hakuleta kuku.

“Nikamwambia, ‘Nyathina, mtoto wangu, ilikuwa mdomo yangu. Haikuwa wewe.’”

Alitarajia kulia pamoja. Shantel hakulia.

“Nilimwambia, ‘Wiki tisa nimelala na jina ya mwizi,’” Shantel anasema. “‘Mume wangu anaulizwa kwa mashua, mtoto anaitwa mtoto wa nani. Usiniambie mimi. Mimi nilikuwa najua sikuweka kitu. Ambia wale wengine.’”

Ijumaa iliyofuata kikundi kilikutana. Beldina alisimama katikati ya kina mama kumi na watatu, wengine aliowafunza yeye mwenyewe, akavua meno yake mbele yao, juu na chini, akayaweka juu ya kifuniko cha sufuria. Huyu ndiye mwanamke aliyemficha mdomo hata binti yake wa kumzaa. Uso ukaporomoka, midomo ikaingia ndani, na kwa sauti ya kubwabwaja isiyosikika vizuri akaeleza yote: jua, meko, kitambaa cha leso, ule mlio. Akachukua safu mbili kwa mikono, akazigonganisha. Ka. Akazigonganisha tena.

Mmoja wao alianza kucheka, kicheko kikamgeukia kilio. Yule bibi mwenye meno mawili aliyavua kimya kimya na kuyatia mfukoni.

Agneta hakumpa pole ya maneno. Alimwita Shantel kutoka barabarani, akamwomba msamaha mbele ya wote, akamrudishia nafasi yake, tena si kwenye kivuli. Kisha akamgeukia mkongwe wake.

“Min Maryanne, utapumzika kuuma,” alimwambia, akimwita mama Maryanne kwa Kijaluo. “Mpaka tuone.”

Hasara ya magunia manne ikagawanywa kikundini, na Beldina akatoa mawili peke yake. Hilo halikumuuma. Kilichomuuma ni kigoda, hasa alipomwona Shantel amekalishwa juu yake, kwa maana kina mama walimchagua yeye kuuma. Walisema aliyewahi kusingiziwa hatamsingizia omena.

Tangu siku hiyo kuna sheria mpya Rakombe, na ndiyo inayowafanya wageni wasimame kutazama. Anayeuma sharti afungue mdomo. Anauma, anatoa ulimi, na mwenzake anachungulia aone kama samaki amevunjika kweli. Mwanamke mzima, mama wa watu, anatoa ulimi mchana kweupe, na hakuna anayecheka.

Wandera alikataa kutengeneza meno mapya hadi vidonda vipone na sukari ishuke. Ikawa vita ya miezi mitano, na Beldina, asiyejua kukaa, aliipigana akitembea. Uji wa sukari uliondoka. Ukaja samaki wa kuchemsha, aliyetolewa miiba na kupondwa, mboga za osuga, yaani mnavu, zilizopikwa na maziwa mpaka zikalainika, na ugali mdogo uliotiwa mchuzi. Dawa akazimeza kila siku, Maryanne akipiga simu saa moja asubuhi kuuliza na kusikiliza kwa makini kama jibu ni la kweli. Kila asubuhi alisugua fizi kwa kitambaa safi na maji ya chumvi. Alitembea ufuo mzima, kwenda na kurudi, mara mbili kwa siku.

Sukari sasa imeshuka hadi tisa. Kilo zimepanda hadi hamsini na sita.

Meno mapya yalipokuja, alianza upya kama mtoto. Aliambiwa akate vipande vidogo, atafune pande zote mbili kwa pamoja, yasije yakainuka upande mmoja. Aliambiwa pia asome kwa sauti ili ulimi uyazoee. Basi akawa anasoma Zaburi kila alasiri nyuma ya nyumba, akirudia kila mstari wenye herufi ya S, hata jirani akaeneza habari kwamba Beldina ameitwa kuwa mhubiri.

Na usiku yanalala kwenye kikombe cha maji. “Naamka kuangalia kama yameoza,” anasema. “Bado hayajaoza. Lakini naamka.”

Saa saba na nusu, wingu limesogea. Agneta anapiga makofi mara moja na kina mama wanakusanyika. Magunia matatu yamepangwa. Ni yeye peke yake anayejua yaliyomo.

Beldina anaketi. Anainuka. Anaketi tena.

Gunia la kwanza. Mkono unazama hadi kwenye kiwiko, unatoka na omena moja. Anaiweka upande wa kulia, anauma polepole, anatulia, anauma upande wa pili. Anafungua mdomo. Agneta anachungulia.

“Otwo,” Beldina anasema. Agneta anatikisa kichwa kukubali.

Gunia la pili halimchukui muda. Kabla hajafungua mdomo uso umekwisha kujikunja. “Bado. Tena bado sana. Nani ameweka hii?” Kicheko kinapita, na mabega yake yanashuka kidogo.

La tatu anauma mara moja. Anatema, anachukua nyingine. Anauma. Anafungua mdomo, samaki amevunjika, kila mtu anaona amevunjika. Beldina hasemi “Otwo”. Anainuka, anazunguka gunia, anachukua ya tatu kutoka chini kabisa, anauma akiwa amefumba macho. Jasho linamtoka kwenye paji la uso. Lori linasikika mbali likipanda kilima cha shule.

“Min Maryanne,” Agneta anasema, “lori hiyo inakuja.”

“Nasikia.”

“Sasa?”

“Sijui,” anasema Beldina.

Kwa miaka thelathini na moja hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo likitoka kwenye kigoda kile.

“Hapa kuna ndiyo na bado,” Agneta anamwambia. “Sijui hatuna.”

“Basi muwe nayo. Hii sijui. Moja inanipa ndiyo, nyingine hainipi kitu.” Anasogea kando ya gunia. “Nipe Shantel aume.”

Shantel anauma mbili, anatoa ulimi, anafikiri. “Mimi ningesema imekauka,” anasema. “Lakini yeye akisema hajui, mimi sishoni.”

Agneta anashusha pumzi ndefu, kisha anakiri. Gunia lile lina omena iliyokauka na omena iliyopigwa manyunyu ya juzi, amezichanganya yeye mwenyewe. Alitaka kuona Beldina atasema lipi. Linamwagwa juani, na linakosa safari ya leo.

Nasipwondi anashuka kwenye lori akiwa na kisu mkononi na kitambulisho cha biashara kifuani. Amekuja tayari. Tangu Januari hufungua kila gunia la Rakombe kabla ya kulipakia, na leo mzigo ulio tayari ni magunia tisa, pamoja na lile la kwanza la Beldina. Anaona omena iliyomwagwa upya anauliza kulikoni. Agneta anamweleza kwa maneno machache kama kawaida yake: mama amesema hajui, imerudi juani.

Mnunuzi anamgeukia Beldina. “Ulisema hujui? Na lori ulikuwa unaiona?”

“Niliiona.”

Nasipwondi anakirudisha kisu kwenye ala. “Pakieni hizo tisa,” anawaambia wapakizi. “Hapana, msifungue. Pakieni tu.”

Kina mama wanapiga vigelegele. Beldina hapigi. Amekaa kwenye kigoda, mikono magotini, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi miguu yake imetulia. Analia waziwazi, bila kufunika mdomo, meno yote nje.

Kuanzia Jumatatu watakuwa wawili kwenye kazi hiyo, yeye na Shantel, kila gunia likipita kwenye midomo miwili. Ana miadi na Wandera kila baada ya miezi mitatu, na kliniki ya sukari kila mwezi, na ameapa hatakosa hata moja. Anataka miaka kumi mingine.

“Tano ya kufundisha huyu msichana,” anasema, akimwonyesha Shantel kwa kidevu. “Na tano ya kula samaki yangu polepole.”

Shantel, anayefunga kamba kwenye gunia la mwisho, anainua macho. Anataka kujua jambo moja, na analiuliza kama mwanafunzi: alijuaje kwamba hajui?

Beldina anafikiri, ulimi ukizunguka ndani ya meno mapya.

“Nilisikia ka,” anamjibu, “nikajiuliza ni nani analia, samaki ama meno.”